Mchumi, umewahi kuhesabu mwaka mbaya?

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa Urambo, mkoani Tabora, kuhamasisha wakulima wapande mbegu mpya ya mahindi. Nilikuwa na digrii ya uchumi wa kilimo na hesabu safi kabisa: ekari ile ile, magunia mara mbili. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho huku akichonga mpini wa jembe, halafu akasema, "Mwanangu, mvua ikikatika Februari, hesabu yako itatupikia ugali?"

Nilicheka. Kwenye ripoti nikaandika kwamba wakulima wale wana mwamko mdogo.

Mvua ikakatika. Mahindi ya mzee, mafupi na duni machoni pangu, yalimlisha. Walionifuata mimi walikwenda kwake kuazima, debe kwa debe.

Nasimulia haya kwa sababu vijana wa uchumi wananiuliza sana namna ya kufika juu: benki kuu, wizarani, uongozi wa chuo. Wengi wanaanza na cheo, kisha ndiyo wanatafuta la kusema. Mimi huwasimulia habari za Clifton Wharton, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Boston mwaka 1926. Aliingia Harvard akiwa na miaka 16, na mwaka 1958 akapata udaktari wa uchumi Chuo Kikuu cha Chicago, mweusi wa kwanza kuupata pale. Baada ya hapo hakukimbilia Washington. Alikwenda Asia ya Kusini-Mashariki, akakaa miaka kadhaa Malaysia akifundisha na kuchunguza maisha ya wakulima wadogo.

Alichokiandika ndicho alichoniambia mzee wa Urambo. Mkulima wa kujikimu anayekataa mbegu mpya si mjinga. Wewe unatazama wastani wa mavuno. Yeye anatazama mwaka mbaya, maana mwaka huo mmoja unaweza kumaliza ghala na watoto wakalala njaa.

Vyeo vilikuja baadaye: rais wa Chuo Kikuu cha Michigan State kuanzia 1970 (kwetu kazi hiyo ni ya makamu mkuu wa chuo), kisha vyuo vya umma vya jimbo la New York, mfuko mkubwa wa pensheni za walimu mwaka 1987, na Naibu Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani mwaka 1993. Hicho cha mwisho hakikufika hata mwaka.

Sisi Tabora tuna sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine. Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947, wakaleta matrekta hadi Urambo, wakafyeka misitu ya miombo, na kufikia 1951 mradi umekufa na mamilioni ya pauni yameteketea. Wachumi hawakukosekana. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza wenyeji mvua ikoje.

Kwa hiyo ukipangiwa field (mafunzo kwa vitendo) huku, usiishie ofisini. Nenda chama cha msingi cha ushirika, uone mkopo wa pembejeo unavyokatwa kabla mkulima wa tumbaku hajashika hela yake. Waulize akina mama michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyobaki itafika mwezi gani; wao ndio wanaojua, baba atakutajia magunia tu. Na uende Desemba, watu wakiwa shambani na ghala likipungua. Julai, tumbaku ikishauzwa, kila mtu atakupa jibu zuri.