Maswali ya Wasomaji: Sosholojia au Sayansi za Jamii?

SWALI: Mhariri, chuo kimoja kinatoa shahada ya kwanza ya sosholojia (taaluma inayochunguza maisha ya watu katika jamii) peke yake, kingine kina shahada ya sayansi za jamii inayochanganya sosholojia, uchumi, siasa na anthropolojia. Nichague ipi, ilhali hesabu na mimi hatuelewani, na wazazi wananiuliza nitaajiriwa kama nani?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kulipima jina la shahada, pata orodha ya masomo ya lazima ya kila mwaka, kisha utazame mbinu za utafiti zinafundishwa kwa mihula mingapi, na kama mwaka wa mwisho una tasnifu unayoiandika mwenyewe chini ya msimamizi. Mahali ambapo mbinu zimebanwa katika muhula mmoja, mwanafunzi huhitimu akiwa amekariri nadharia za wanafikra wa jamii kama Marx na Weber bila kujua namna ya kuijaribu hata moja.

Kuhusu hesabu, sitakuficha: takwimu huzikwepi katika shahada yoyote kati ya hizo mbili. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, katika utafiti alioutoa mwaka 1897, alitumia tarakimu rasmi kuonyesha kwamba kujiua, jambo tunalolidhania kuwa la mtu binafsi kabisa, hutofautiana kwa kufuata dini na hali ya ndoa. Mwanasosholojia Mmarekani W. E. B. Du Bois naye alipita nyumba kwa nyumba katika mtaa mmoja wa mji wa Philadelphia, Marekani, akiwahoji wakazi weusi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1899. Huyu pia alihesabu, ila alihesabu baada ya kuwasikiliza watu.

Ukokotoaji wenyewe siku hizi hufanywa na programu za kompyuta. Kazi inayobaki kwako ni kujua tarakimu imetoka wapi. Chukua swali la dodoso linalosema, “Je, una kazi?” Mwanamke anayemuuguza mzazi wake mchana kutwa, na usiku akashona nguo za watu kwa malipo, huenda akajibu “sina”, nawe ukamwandika miongoni mwa wasio na kazi. Kosa hilo huzaliwa katika swali, na hakuna kanuni ya hesabu itakayolisahihisha baadaye. Ukiona raha kulifikiria jambo kama hilo, hofu yako ya takwimu haina uzito unaoupa.

Shahada ya mchanganyiko inamfaa asiyejua bado moyo wake uko wapi, mradi chuo kiruhusu kubobea katika somo moja kuanzia mwaka wa pili. La sivyo utaonja kila kitu bila kushiba. Kwa maelezo yako, unayetaja sosholojia kwanza, ningeegemea sosholojia.

Waambie wazazi ukweli kwamba shahada hii haina cheo kimoja kinachoisubiri. Wahitimu huingia katika utafiti, rasilimali watu, uandishi wa habari, utumishi wa umma na mashirika ya kiraia, wakishindana na wenye shahada nyingine. Ikiwa unachotaka hasa ni kuwahudumia watoto na familia zenye matatizo, omba shahada ya ustawi wa jamii, kwa kuwa hiyo ina mafunzo ya vitendo na, katika nchi nyingi, ndiyo inayokubaliwa kwa usajili wa kitaaluma. Hilo liulize kabla hujajaza fomu, maana kuhama baada ya mwaka mmoja mara nyingi ni kuanza upya.