Krismasi ya kijijini: nendeni mapema, na mkifika mfanye kazi za nyumbani

Kila ikifika Novemba naanza kuulizwa maswali na marafiki zangu wa hapa Dar, hasa wadada walioolewa uchagani ambao hawajazoea, hivi mnaendaga kufanya nini huko Moshi kila Desemba mpaka mji unabaki mweupe? Na wapo wachaga wenzangu kabisa wanaoenda alafu wakirudi ni kulalamika tu, wamechoka, hela imeisha na raha hawajaiona. Mi kwetu Marangu, nimeolewa Kibosho, ile njia naijua na nyumba zote mbili nazijua, kwahiyo leo nayaandika yote ninayowaambiaga kwenye simu.

Kubwa kuliko yote ni kwenda mapema. Mtu anafika tarehe 24 usiku, 25 asubuhi kanisani, mchana nyama, 26 kutwa yuko baa na wenzake aliosoma nao, 27 yuko barabarani anarudi. Huyo kapita tu. Kama likizo inaruhusu fikeni hata tarehe 18 au 19, na kama baba hana ruhusa kazini basi mama na watoto watangulie, shule zinakua zimeshafungwa. Kwasababu kwakweli utamu wote wa Krismasi ya nyumbani uko kwenye zile siku za maandalizi, siku yenyewe inapita haraka sana. Si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Basi mi naonaga raha inaanza hapo siku ya tatu, ukishapewa jembe.

Habari za safari sizirefushi. Tiketi ya basi ikate mapema, na ya kurudi pia, maana tarehe 2 Januari pale Moshi stendi ni vurugu. Nauli elekezi zinapangwa na LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ukiuziwa juu ya hapo dai tiketi yenye kiasi ulicholipa kweli alafu toa taarifa. Treni ya TRC nayo ipo, safari za Moshi zilirudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi, ni ya taratibu ila watoto wanaipenda sana. Wenye magari nawaomba kitu kimoja, msiendeshe usiku, Dar mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 550 na mtu aliyetoka kazini ijumaa jioni hana hizo nguvu, laleni Korogwe au Same asubuhi mmalizie. Kila Desemba tunazika watu waliokua wanawahi Krismasi.

Vya kubeba. Usibebe vitu vya kuonekana, piga simu umuulize mama ni nini kimeisha. Utashangaa, mara nyingi ni balbu, betri za redio, dawa ya presha, mafuta ya kupikia, na blanketi zito la babu maana lile la zamani limekua jepesi. Mchele na sukari vinapokelewa siku zote. Na watoto wa Dar wabebewe masweta na soksi jamani, kule juu usiku ni baridi hata Desemba, na mvua za vuli zinaweza zikawakuta bado zinanyesha, ile tope nyekundu na ndala haviendani.

Sasa mmefika. Watoto wanalala wote chumba kimoja na binamu zao, mzungu wa nne, magodoro chini, wanacheka mpaka saa sita usiku na mtu mzima mmoja anagonga ukuta. Waacheni. Usiende kukodi lodge mjini kwasababu eti nyumba ni ndogo, ile kubanana ndo inayowafanya wajuane, mtoto anayemjua binamu yake kwa picha za kwenye grupu la familia tu akikua hatamtafuta.

Alafu wapeni kazi, wa kike na wa kiume. Ng'ombe wa uchagani anafugwa ndani, kila siku anatakiwa aletewe majani, na bibi au kijana wake wa kazi anayabeba kutoka mbali, kwahiyo watoto waende nao waone yanakatwaje na yanafungwaje mzigo. Wachote maji, wamwagilie, wakusanye mayai. Wapelekeni kwenye mfongo, ule mfereji wa zamani unaoshusha maji kutoka mlimani, wazee waliuchimba kwa mikono na mpaka leo sehemu nyingi watu wanagawana maji kwa zamu. Na mtembeeni kihamba chote, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, mkiwa na babu, muulizeni kila mti ulipandwa na nani. Kwetu kuna mibuni babu mzaa baba aliipanda enzi za KNCU, kile chama cha ushirika kilichoanza 1933, na kahawa ya mibuni hiyo ndo iliyomsomesha baba na dada zake wote. Nikimwonyesha mwanangu ule mti alafu nikamwambia ada ya babu yako ilitoka hapa, anaushika na kuuangalia kweli kweli.

Jikoni ndo kwenyewe sasa. Wadada mlioolewa uchagani na mnaogopa mama mkwe, nawaambia ukweli, jifunze mtori tu, mengine yatakuja. Ndizi ni mshare, mbichi kabisa. Kabla hujaanza kumenya paka mikono mafuta maana ule utomvu ukikauka vidole vinakua vyeusi na hautoki kwa sabuni, unaweza ukaenda nao kanisani. Kila ndizi ukimaliza kumenya itumbukize kwenye maji isibadilike rangi. Mifupa na nyama unakua umeshachemsha pembeni mpaka nyama inaachia mfupa, unatoa nyama unaiweka kando, ndizi unazipika kwenye ile supu na kitunguu, zikiiva laini kabisa unaziponda na mwiko hapohapo kwenye sufuria. Supu nyingine toa kwanza uirudishe kidogo kidogo ukiwa unakoroga, ukiiacha yote mwanzoni ndizi zinaelea tu hazipondeki na mtori unakua na mabonge. Mwishoni rudisha nyama, chumvi, samli kama ipo. Mama mkwe wangu alinisimamia mara ya kwanza hakusema neno, alionja akaenda kuita wanaume waje kula, nikajua imekubali.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo ni kazi ya kuwahi, ndomaana nasema mfike mapema. Ndizi mbivu zinakua zimeivishwa darini juu ya moshi wa jiko, zinapikwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, alafu ndo unakuja ule uji wa ulezi wa kimea na gome la msesewe la kuleta uchungu. Kama humjui mtu anayepika kwa usafi muulize mama, kila kijiji kina mama mmoja ambaye watu wanamwamini. Na hata usiyekunywa, kaa pale kata ya mbege inapozunguka kwa wazee, hadithi za ukoo zinatokaga hapo, nani alihama kutoka wapi, kwanini ukoo fulani hauoani na fulani. Chukua simu urekodi sauti, omba ruhusa kwanza. Wazee hawa hatunao milele.

Tarehe 24 mbuzi anachinjwa, wanaume wako nyuma ya migomba, kinatoka kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, watu wanakunywa kikiwa cha moto. Hapa kitu cha kuangalia ni kugawa. Kila kiungo kina mwenyewe kwa mila, na inatofautiana kidogo kati ya Machame, Rombo, Vunjo, kwahiyo usikate na kuweka kwenye friji kama umenunua buchani, muulize mzee kipi kinaenda kwa nani, na watoto ndo wapeleke. Mtoto akifika kwa shangazi wa babu na kile kipande kimefungwa kwenye jani la mgomba, akaambiwa aika mae, yaani asante mama, au aika mbee kama ni wa kiume, keshajulikana ni wa nani, na hatasahau.

Kanisani msikimbie baada ya ibada. Subirini mnada. Kwa wasioujua, watu wanatoa sadaka ya walichonacho, kuku, mkungu wa ndizi, mayai, parachichi, na vinauzwa nje pale kwa kupandishiana bei. Mkungu unaweza ukanunuliwa, aliyenunua akaurudisha uuzwe tena, ukanunuliwa na mwingine, naye akamzawadia bibi mjane aliyekaa nyuma. Nyie wa mjini mje na hela ndogo ndogo na mshiriki, hata kwa mayai. Huo mnada mi naupenda kuliko kwaya.

Kuhusu wapi kwenda, kwa mume au kwetu, hii inavunja ndoa za watu kimya kimya. Sisi tumekubaliana Krismasi Kibosho, tarehe 29 tunahamia Marangu mpaka mwaka mpya. Wengine wanapishana mwaka hadi mwaka. Chochote mtakachokubaliana kisemwe Oktoba, wazazi wa pande zote waambiwe tarehe, sio mama anapika anasubiri watu ambao hawaji. Na michango hivyo hivyo, ya mbuzi, ya mbege, ya ukarabati wa choo, ipangwe mapema kwenye grupu na mtu mmoja mwenye kuaminika akusanye, na asiye na hela asisemwe mbele ya watoto wake, aje, atakata majani, atachota maji. Nimeona watu wanakaa miaka hawaendi nyumbani kwasababu ya aibu ya mchango na inaniuma sana.

Kikao cha familia lazima kitakuwepo, mpaka wa kihamba, ada ya mtoto wa marehemu, nani anakaa na wazazi. Kifanyeni asubuhi, chai tu mezani, mbege baadae. Kama kuna ndugu hawaongei, muombeni mzee alete isale. Lile jani ni zito kwa mchaga, mtu akikuletea kuomba msamaha kulikataa ni jambo la kutisha, na mimi nimeshuhudia kaka wawili wa ukoo wetu waliokua hawasalimiani kwa ajili ya shamba wakikaa benchi moja kwasababu ya jani hilo.

Vitu vidogo sasa, hivi havina gharama kabisa. Amka kabla ya saa moja utoke nje uangalie Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, mara nyingi ikifika saa nne mawingu yameshafunika mpaka jioni. Kunywa chai ya maziwa ya ng'ombe wa nyumbani ukiwa umekaa kwenye kigoda jikoni, sio sebuleni. Chomeni mahindi. Pakeni chokaa makaburi ya wazee pale kihambani na mfagie, wote pamoja, watoto waulize huyu alikua nani. Data zimeni hata nusu siku.

Mkiwa mnaondoka mtapewa ndizi, maharage, magimbi, parachichi mpaka gari linainama, pokeeni vyote, kukataa ni kumuumiza mama. Ila kabla hamjapakia kaeni nae pembeni mumuulize Januari anabaki na nani, nani anamkatia ng'ombe majani na analipwa na nani, kliniki yake ni lini na atapelekwa na bodaboda gani. Muachie hela ya miezi miwili ya huyo kijana wa majani, mkononi kwake, na namba ya kijana uwe nayo kwenye simu yako.