Mashine haikukosea: mita tano za mwisho za mtindo wa kipepeo

Ndugu muulizaji, umeandika kwamba umeitazama tena na tena fainali ya kuogelea mita 100 kwa mtindo wa kipepeo, ule wa kurusha mikono yote miwili mbele kwa pamoja, ya wanaume katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, na kwamba mpaka leo unaamini Milorad Čavić wa Serbia alidhulumiwa, kwa sababu jicho linamwona akiufikia ukuta kabla ya Mmarekani Michael Phelps, aliyetangazwa mshindi. Umeuliza pia, kwa kuwa kijana wako anajifunza kipepeo hapa Tanga, amalize vipi: ajinyooshe na kuteleza hadi ukutani, au aongeze pigo jingine la mikono? Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu jibu la swali la kwanza ndilo linalozaa jibu la pili, na mimi nililipata kwa kushindwa mwenyewe.

Čavić aligeuka kwenye mita 50 akiwa wa kwanza kwa sekunde 23.42, na Phelps aligeuka wa saba kwa sekunde 24.04. Katika nusu ya pili pengo lile lilizidi kupungua, lakini walipoukaribia ukuta Mserbia alikuwa bado mbele, na hapo jicho lako halikukudanganya. Tazama sasa kila mmoja wao alichokifanya. Čavić alikuwa amekwisha kuvuta pigo lake la mwisho, akanyoosha mikono mbele na kuanza kuteleza, huku kichwa chake kikiinuka. Phelps alijikuta mahali pabaya, kwani alikuwa mbali mno asiweze kuteleza na karibu mno asiweze kupiga pigo kamili, akaamua kurusha mikono kwa pigo fupi, la nusu, na kuutandika ukuta. Saa ikaandika 50.58 kwa Phelps na 50.59 kwa Čavić.

Waserbia walikata rufaa, picha za kamera za mwendo wa kasi zikapitiwa, na mwamuzi aliyelitolea jambo hilo maelezo alikuwa Ben Ekumbo, mtu wa Kenya, jirani yetu hapo Horohoro. Maelezo yake yalikuwa mafupi na ndiyo ninayowasomea watoto wangu wa mazoezi kila mwaka: mmoja alikuwa anapiga mkono, mwingine alikuwa anateleza. Bamba la kugusia lililo ukutani limetengenezwa lisishtuliwe na mawimbi ya bwawa, kwa hiyo linadai lisukumwe kwa nguvu kidogo ndipo lisimamishe saa. Vidole vinavyofika vikiwa vimechoka, vikaligusa kama mtu anayepapasa ukuta gizani, vinaweza kuwa vimefika na saa ikaendelea kuhesabu.

Tufanye hesabu ndogo. Mwogeleaji anayemaliza mita 100 kwa sekunde 50 na nusu anakwenda karibu mita mbili kwa kila sekunde, kwa hiyo sehemu moja ya mia ya sekunde ni kama sentimita mbili, upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Katika kipepeo kasi ya mwili haiko sawa wakati wote: inapanda mikono inapovuta na miguu inapopiga teke la pomboo, yaani yote miwili kwa pamoja, kisha inashuka. Anayeteleza juu ya maji anapoteza kasi hiyo kila kitambo kinachopita, na akiinua kichwa kuutafuta ukuta, kiuno chake kinazama na maji yanamshika kifuani. Anayerusha mikono hewani, kwa upande wake, ana viganja vinavyokwenda mbele kwa kasi kuliko mwili wenyewe. Ndiyo maana aliye nyuma kwa kichwa na mabega anaweza kuwa wa kwanza kwa vidole.

Jambo hili halikuanza Beijing. Mwaka 1988 kule Seoul, katika mbio hizi hizi, Mmarekani Matt Biondi aliongoza karibu safari nzima, akaufikia ukuta akiwa katikati ya pigo na pigo, akachagua kuteleza. Anthony Nesty wa Suriname, nchi iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50, alimpita kwa 53.00 dhidi ya 53.01. Alikuwa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya kuogelea katika mbio za mtu mmoja mmoja, na baadaye akawa kocha mkubwa huko huko Marekani. Na kama bado unadhani Phelps alipendelewa, tazama mita 200 kipepeo ya London 2012: safari hii yeye ndiye aliyekuwa mbele na yeye ndiye aliyeteleza, na Chad le Clos wa Afrika Kusini, kijana wa miaka 20, akamnyang'anya kwa 1:52.96 dhidi ya 1:53.01.

Mimi nilikulia Raskazone, hapa Tanga, na bwawa letu lilikuwa bahari. Tulishindana kutoka ngazi za gati hadi kwenye ngalawa iliyotia nanga, na mshindi alikuwa yule aliyeushika ubavu wake kwanza. Ngalawa haitulii, kusi likivuma inakujia au inakukimbia, na kwa hiyo tulizoea kuinua vichwa kuitazama, tukanyoosha mikono na kusubiri itufikie. Tabia hiyo niliipeleka Dar es Salaam kwenye mashindano ya vijana, katika bwawa la mita 25, nikiogelea mita 50 kipepeo. Niliongoza mpaka kwenye bendera zinazoning'inia juu ya maji karibu na ukuta, nikauona ukuta, nikajinyoosha kama nilivyozoea. Nakumbuka vizuri sana weupe wa vigae ukinijia polepole, na nakumbuka kwamba kabla vidole vyangu havijagusa nilisikia kishindo cha viganja viwili kwenye njia ya kushoto. Yule kijana alikuwa nyuma yangu kwa kichwa kizima. Kocha wangu hakunigombeza. Alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe mezani, kidole kinachoteleza na kiganja kinachopiga, na tangu siku ile sikuhitaji maelezo mengine.

Kwa hiyo, kuhusu kijana wako, nakuomba usimfundishe kwamba siku zote aongeze pigo, kwa sababu pigo lililoanzwa viganja vikiwa vimebakiwa na sentimita kumi tu litamgongesha ukuta akiwa na viwiko vilivyopinda. Uamuzi unafanywa mapema, na kosa la Čavić, kwa maoni yangu, lilianza mapigo matatu au manne nyuma, pale alipoacha kuyapima ili la mwisho limfikishe akiwa bado anavuta. Bendera za kuogelea chali zimefungwa mita tano kutoka ukutani. Mtoto ahesabu mapigo yake kutoka pale kila siku ya mazoezi, akiwa mzima na akiwa amechoka, maana aliyechoka hupiga mapigo mafupi na hesabu hubadilika.

Hapa kwetu, ambako wengi wanafanya mazoezi baharini, nimefunga ubao mpana kwenye nguzo ya gati, na kamba nyekundu kwenye nguzo nyingine iliyo mita tano kutoka hapo. Tunakwenda siku za maji mafu, ambapo mkondo hauwasukumi watoto sana, maji yanapokuwa yamejaa. Kila mtoto anapita kwenye kamba uso ukiwa ndani ya maji, anahesabu, anapiga ubao kwa viganja vyote viwili kwa wakati mmoja kama kanuni ya kipepeo inavyotaka, na haruhusiwi kuinua kichwa mpaka asikie mlio. Wiki iliyopita binti mmoja wa miaka 11 alirudia mara tisa. Mara nane ubao haukulia, vidole vyake vilifika vimelegea na macho yameshatoka majini. Mara ya tisa alibaki ameinama, akarusha nusu pigo, na ule ubao ulilia hadi mvuvi aliyekuwa akishona jarife ufukweni akageuka kutazama. Mlete kijana wako Jumamosi alfajiri, kabla upepo haujaamka. Kamba na ubao viko palepale.