Kasuku wa porini: kwa nini picha zinatoka nyeusi, na ufanyeje ukifika Tambopata

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mwezi wa tisa nasafiri kwenda Peru, na siku mbili nitakuwa Tambopata, hifadhi ya msitu wa Amazon, kutazama kasuku wa porini. Safari yangu iliyopita, katika nchi nyingine, niliwasikia kutwa nzima lakini niliowaona ni wachache, na picha zote zikatoka vivuli vyeusi juu ya anga jeupe. Nina lenzi ya milimita 70 hadi 300. Je, ninunue kubwa zaidi, au kuna jambo ninalokosea?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza naona makosa mawili, na hakuna hata moja linaloponywa na lenzi: uliwafuata kasuku badala ya kuwatangulia, na uliiachia kamera iamue mwanga yenyewe.

Kasuku hupiga kelele akiwa angani, ila akishatua kula hunyamaza. Ndiyo maana uliwasikia sana na kuwaona kidogo: kila ulipoikimbilia sauti, ulikuwa unawafuata ndege wanaoondoka. Chini ya miti yenye matunda, sikiliza kitu kingine, yaani maganda na vipande vya matunda vikidondoka. Kasuku hula kwa fujo, humega kidogo na kuangusha mengi. Ukiona mabaki mabichi chini, simama hapo hapo, inua darubini, na usitafute rangi ya kijani ndani ya majani ya kijani. Tafuta kinachotikisika.

Tambopata itakurahisishia kazi hiyo. Kando ya mito ya huko kuna kingo za udongo ambazo wenyeji huziita collpa, na ile ya Chuncho inajulikana kwa wingi wa makau, wale kasuku wakubwa wenye mikia mirefu. Zamani ilidhaniwa wanakula udongo ili kuzima sumu ya mbegu. Tafiti zilizofanywa Tambopata zinaelekeza zaidi kwenye chumvi: magharibi ya Amazon iko mbali na bahari, sodiamu ni haba katika chakula chao, na udongo wanaouchagua unayo kwa wingi. Kwa mpiga picha, maana yake ni kwamba ndege watakuja mahali unapopajua, tena asubuhi. Fika kabla hapajapambazuka. Watajikusanya kwanza kwenye vilele vya miti, kisha watashuka tawi kwa tawi, kwa woga. Mtu mmoja akisimama ghafla au mwewe akipita, kundi zima huruka, na pengine lisirudi siku hiyo.

Sasa hesabu ya lenzi yako. Makau mwekundu ana urefu wa takriban sentimita 85, na karibu nusu yake ni mkia. Akiwa mita 100 kutoka ulipo, lenzi ya milimita 300 itamchora kwenye kihisi, yaani kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha, kwa urefu wa milimita 2.5 hivi. Kama kihisi kina kimo cha milimita 24, ndege anachukua sehemu moja tu ya kumi ya fremu. Hiyo haifai kwa picha ya uso. Kwa picha ya ndege arobaini waliong'ang'ania ukuta wa udongo inafaa sana, na mimi naipenda picha hiyo kuliko uso wa ndege mmoja, ambao ungeweza kuupiga hata kwenye bustani ya wanyama.

Kuhusu weusi: kipimo cha mwanga cha kamera huliona anga jeupe, hudhani mwanga umezidi, kisha hupunguza kila kitu pamoja na ndege. Kwa anga la mawingu, ongeza fidia ya mwanga (kitufe cha + na −) kwa hatua 1 hadi 2; kila hatua huongeza mwanga maradufu. Ila njia ninayoiamini zaidi ni kuweka mwanga kwa mkono. Makau akitoka mbele ya msitu wenye giza na kuingia angani, mwanga unaomwangukia yeye haujabadilika, kilichobadilika ni kilicho nyuma yake. Pima kwenye majani yanayopigwa na mwanga ule ule, funga vipimo, piga. Jipange jua likiwa mgongoni kwako.

Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni hadi wafike nyumbani. Wekundu wa makau ni mkali kiasi kwamba huungua, yaani huzidi kiwango ambacho kamera inaweza kurekodi, wakati rangi nyingine bado ziko salama, na manyoya yakawa bapa jekundu lisilo na mistari. Histogramu ya kawaida, yaani ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa mwanga kutoka giza kushoto hadi weupe kulia, haikuonyeshi hilo. Fungua ile inayotenganisha nyekundu, kijani na buluu, uichunge nyekundu isigonge ukuta wa kulia. Hifadhi picha ghafi (RAW), si JPEG peke yake.

Kwa wanaoruka, anza na kasi ya shata 1/2000 ya sekunde, tundu la lenzi wazi kabisa, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipandishie, na fokasi ya kuendelea, ile inayomfuata ndege akisogea. Makau mara nyingi hupita wawili wawili, kwa mstari ulionyooka, na sauti yao hutangulia. Una sekunde chache za kuelekeza kamera kabla hawajatokea. Kwa waliotua, 1/500 inatosha.

Ukitoka kwenye chumba chenye kipoza hewa, iache kamera ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto, la sivyo lenzi itajaa ukungu.

Nakuomba sana: ukiona tundu la kiota, usikae hapo, usicheze sauti za kuwaita, na kabla ya kuirusha picha mtandaoni futa alama za mahali. Wezi wa makinda nao hutazama picha.

Mwisho, mvua au ukungu wa asubuhi unaweza kuwazuia wasishuke kabisa. Kwa kuwa una siku mbili tu, mwombe mwongozaji asubuhi zote mbili ziwe za ukingoni, na matembezi mengine yahamie mchana.