Soko la kripto limedukuliwa na kampuni imekaa kimya, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina kripto zangu kwenye soko moja la mtandaoni, wiki iliyopita kutoa pesa kukagoma, app inasema tu "tupo kwenye matengenezo", mara tukasikia pembeni kwamba wamedukuliwa. Nikiwaandikia sapoti najibiwa na roboti, meseji ileile kila siku. Sasa kuna jamaa kanifuata Telegram anadai ni mfanyakazi wao, anataka maneno 12 ya waleti yangu (yale ya siri ya kuifungulia) anirudishie pesa. Nimpe?

JIBU: Usimpe ndugu yangu, mbloku sasa hivi. Akaunti ya sokoni haina maneno 12, funguo za kripto wanazo wenye soko wenyewe, kwa hiyo anayoyataka ni ya waleti yako nyingine ambayo haijaguswa, yaani anataka akumalizie na kilichobaki. Atakayekuja kusema lipa kwanza ndo nikurejeshee, naye ni tapeli.

Kinachoniuma ni kwamba matapeli hawa wanapata nafasi kwa sababu kampuni imenyamaza. Soko la kripto la Cryptopia la New Zealand, Januari 2019, nao walianza na hayohayo matengenezo, kesho yake ndo wakakiri wamevamiwa, Mei wakaingia kwenye ufilisi. Mt. Gox, soko jingine la Tokyo, ilisimamisha kutoa bitcoin Februari 2014 ikasema ni tatizo la kiufundi, mwezi haujaisha ikatangaza kufilisika na bitcoin kama 850,000 hazionekani, na ingawa 200,000 zilipatikana baadaye, wateja walianza kurudishiwa bitcoin 2024! Lakini soko la Bybit walipoibiwa karibu dola bilioni 1.5 Februari 2025, bosi wao Ben Zhou alijitokeza siku ileile akaeleza kilichotokea, na watu waliendelea kutoa pesa. Kwa hiyo wasikwambie uchunguzi unawazuia kusema. Kimeibiwa kiasi gani, pesa za wateja zimeguswa au la, taarifa nyingine inatoka lini, hayo hayaharibu uchunguzi wowote na ni haki yako kuyajua.

Piga skrinshoti za salio na miamala yote leo, app isije ikafungwa. Waandikie kwa imeili uwaulize hayo matatu, utunze majibu hata kama ni ya roboti. Paswedi ya pale kama unaitumia kwingine ibadilishe, ukianza na imeili. Kama wana leseni, peleka malalamiko kwa mamlaka iliyowapa, na ripoti polisi upate namba ya kesi. Wakifilisika, fuatilia matangazo ya mfilisi maana madai yana tarehe ya mwisho, ukichelewa unaweza kukosa hata kile kidogo kitakachogawanywa.