Miaka 17 ya Cherehani na Faili Lililorudishwa

Juzi nilipata ujumbe kutoka kwa mshonaji mmoja wa Webuye. Alianza kwa adabu zote: habari dada, hongera kwa vyeti, Mungu akuzidishie. Kisha akauliza swali lililonikalisha chini usiku huu ilhali kuna shati la mteja mezani linangoja kola: "Nimeshona miaka 11. Nimpigie nani anipe cheti bila kukaa chuoni?"

Ndugu yangu, hakuna wa kumpigia. Akitokea mtu wa kukuambia umtumie pesa kwa simu akuletee cheti Ijumaa, huyo ni mwizi, futa namba yake. Lakini njia ipo, ya kupimwa ujuzi ulio nao tayari. Nimeipita mimi mwenyewe, nikaanguka katikati, nikainuka na vumbi magotini.

Nilianza kushona nikiwa na miaka 19, kwenye baraza ya duka hapa Nakuru, chini ya shangazi yangu. Shangazi hakuwa mtu wa maelezo. Mshono wangu ukienda upande, aliuchana kwa wembe, akanirushia kitambaa mapajani na kuendelea na kazi yake. Sikuambiwa kosa liko wapi, nililitafuta mwenyewe mpaka nikaliona. Nakuru ilipopandishwa kuwa jiji mnamo Desemba 2021, tayari nilikuwa na kibanda changu mtaani Kaptembwo, cherehani 3, overloki 1 na vijana 2 ninaowafunza.

Mmoja wa vijana hao ndiye aliyenitia kidonda. Alikuja kwangu hajui hata kutunga uzi. Nikamfunza kukata, kuweka zipu, kupachika mkono wa koti mpaka bega likae bila mikunjo. Baadaye akaenda chuo, akarudi na cheti. Shule moja ya bweni ikatafuta mtu wa kusimamia ushonaji wa sare, na sote wawili tukaomba. Akaitwa yeye, mimi sikupata hata jibu. Mwezi haujaisha, simu ikalia: "Mama, ile bitana ya koti huwa tunaanzia wapi?"

Nilimweleza. Hatua kwa hatua nilimweleza, kisha nikakata simu na kulilia kitambaa cha watu. Hata sasa nikiandika haya shingo inapanda moto, mnisamehe.

Habari za kutambuliwa kwa ujuzi wa awali, hii wanayoiita RPL, nilizisikia redioni nikipiga pasi. Kumbe tangu 2014 Kenya ina sheria ya mfumo wa kitaifa wa vyeti, unaosimamiwa na KNQA, mamlaka ya kitaifa ya vyeti. Na kwa njia hii ya RPL, anayekupima hajali kama kushona ulifunzwa na profesa au na shangazi mwenye wembe. Unapimwa kwa kiwango kile kile cha kazi anachopimiwa mwanafunzi wa chuo. (Usichanganye na ile mitihani ya gredi ya mafundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ya III hadi I. Hiyo nayo ni nzuri, lakini ni mlango mwingine.)

Nikaona yangu yametimia. Nikatengeneza faili la kurasa 64, na acha nijisifu, lilikuwa zuri! Maharusi wakitabasamu ngazini kwa kanisa. Wasimamizi wa kike kwenye nguo za zambarau. Mimi nikipokea kikombe cha chama. Barua ya mchungaji ikishuhudia kwamba mimi ni mcha Mungu na mwenye bidii. Nililibeba kwenye matatu nikiwa nimelipakata kama mtoto mchanga.

Mtathmini alikuwa mama mpole mwenye miwani. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Gauni hili nani alilikata?"

"Mimi."

"Nitajuaje?"

Kimya.

"Ulilishona lini?"

Nikasema kama 2018 hivi. Au 2019.

"Hapa namwona bi harusi. Mshono uko wapi?"

Sehemu kubwa ya vitengo, yaani zile sehemu za kazi zinazopimwa moja moja, nikaandikiwa kwamba bado sijaonyesha umahiri. Bado! Mimi niliyevalisha nusu ya Kaptembwo! Nilirudi nyumbani nikalitupa faili juu ya kabati, na kwa miezi 4 sikutaka kusikia neno cheti. Mume wangu alijifunza kupunguza sauti ya redio.

Kilichonitoa kwenye hasira ni jambo nililokuja kulielewa pole pole. Yule mama hakuwa amesema sijui kushona. Alisema faili langu halionyeshi kwamba najua. Nilikuwa nimempelekea sifa, yeye akitafuta ushahidi. Marekani vyuo vimekuwa vikitoa alama za masomo kwa potifolio, yaani mafaili ya ushahidi kama haya, tangu miaka ya 1970, na kanuni yao ni hiyo hiyo: unapewa alama kwa ulichojifunza, hupewi kwa miaka uliyokaa. Kwa hiyo wewe wa Webuye ukianza barua yako na "nimeshona miaka 11", umeshaanza vibaya.

Ushahidi wako utaulizwa mambo manne. Unahusiana na kitengo chenyewe? Ni wako kweli? Ni wa karibuni? Unatosha? Omba uone kiwango cha kazi cha fani yako, yaani ile hati inayoorodhesha unachotakiwa kuweza kufanya, ukisome mstari kwa mstari, na kila mstari uuwekee kitu chake. Mimi mara ya kwanza sikukisoma. Niliona maneno mengi nikasema mimi kushona nakujua, cha nini?

Faili la pili lilikuwa jembamba. Nilichukua koti moja tu la sare ya shule nikalifuata tangu kuzaliwa. Karatasi ya vipimo yenye tarehe. Pateni yenyewe, imekunjwa ndani ya bahasha. Picha ya kitambaa kimetandazwa na chaki juu yake, mkasi mkononi mwangu na uso wangu unaonekana. Mshono wa ndani kabla bitana haijaufunika. Risiti. Barua ya mteja isemayo ni nini hasa nilichomfanyia na lini, yenye namba yake ya simu. Barua ya mchungaji niliirudisha ndani ya Biblia.

Kazi ilikuwa kwenye maelezo. Chini ya kila picha unaandika kwa nini ulifanya hivyo, na hapo mafundi tunakwama, maana mikono inajua lakini mdomo haukuwahi kuulizwa. Siku ya mahojiano yule mama (ndiyo, yule yule) akaniuliza kwa nini pindo la sketi ya sare ninaliacha pana vile. Nikataka kujibu kwamba ndivyo inavyoshonwa. Nikajizuia. Nikamwambia mzazi wa Kaptembwo hununua sare moja ivaliwe miaka 3, kwa hiyo naacha kitambaa cha kushushwa kila Januari, na mshono wa pindo nautumia unaofumuka bila kuacha alama. Akaandika kwa muda mrefu sana. Kisha akaniomba nishone mfuko mbele yake.

Kwenye usalama kazini alitaka kujua kifaa cha kuzimia moto kiko wapi kibandani. Nina pasi ya makaa na rundo la vitambaa vya polista, na cha kuzimia moto nilikuwa na ndoo ya maji ya kunawa. Nimenunua kifaa tangu hapo, kinaning'inia karibu na kioo, na wateja hudhani ni pambo.

Vitengo vya kushona vyote nilipita. Vyote. Kilichobaki ni matumizi ya kompyuta, na hicho sikudai kwamba nakijua. Nakisomea sasa kila Jumamosi pamoja na watoto wa miaka 19 wanaoniita Mama na kunionyesha jinsi ya kujumlisha safu ya hesabu bila kutumia kidole.

Mafundi wenzangu, acha niseme ukweli, tunajiangusha wenyewe. Vipimo tunaandika kwenye paketi ya sigara. Daftari likijaa linawashia jiko. Picha tunapiga nguo ikishakwenda harusini. Halafu tunalalamika kwamba serikali haitutambui! Itutambue kwa lipi? Weka tarehe. Piga picha kazi ikiwa bado mbichi, imejaa pini. Mwombe mteja barua siku anayochukua nguo, akiwa bado anajigeuza mbele ya kioo, maana baada ya mwezi hatapokea simu yako. Na weka tarehe, nimeshasema, narudia.

Basi wewe wa Webuye, kesho akija mteja wa kwanza usiandike vipimo vyake kiganjani. Nunua daftari gumu, andika siku, mwezi na mwaka, kisha kifua, kiuno na urefu. Likifika kurasa 10, niandikie tena nikuambie la kufanya. Mimi narudi kwenye kola, mwenye shati anakuja saa mbili asubuhi.