Kiwanja: Kisongo au Tengeru?

Mkuu, umeuliza ununue kiwanja wapi hapa Arusha, Kisongo au Tengeru. Kwa nyumba na ng'ombe wawili uliowataja, mimi ningechukua Tengeru mfuko ukiruhusu. Migomba, mifereji, soko Jumatano na Jumamosi, na daladala za Usa River zinapita muda wote. Kisongo utapata eneo kubwa kwa hela hiyohiyo, ila kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Kokote utakakochimba kisima, pima floraidi kabla ya kulipa; Mlima Meru ni volkano, na yale meno ya kahawia ya wenyeji si uchafu, ni floraidi iliyozidi kwenye maji. Halafu Tengeru mashamba mengi ni vihamba vya ukoo, yaani mashamba ya kurithi. Muuzaji aje ofisi ya kijiji na mkewe na ndugu zake, wote wasaini. Akileta visingizio, achana naye.